KADI ZA AKILI ZISIHUKUMIWE KAMA KAMARI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha 3



Nia yangu si kumlaumu yeyote wala kumchongea mtu. Nia yangu ni kutetea jambo ambalo, kwa maoni yangu, limehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Na wahenga walituasa kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hivyo msomaji una haki ya kunisikiliza kisha uamue mwenyewe kama navutia kwangu tu au nina hoja.

Muhula uliopita kadi zetu zilichukuliwa. Hazikuwa hata kadi za dukani. Zilikuwa vipande vya karatasi ya manila tulivyokata kwa makasi na kuviandika kwa kalamu, tukawa tunacheza wakati wa chakula cha mchana chini ya mti. Sababu tuliyopewa ni moja: ati kadi ni kamari, na mcheza kadi wa leo ndiye mwizi wa kesho. Wenzetu wengi walitikisa kichwa kukubali. Mimi nasema hapana. Mchezo ule ni mchezo wa kusoma kwa makini, kuhesabu na kuishi na wenzako, na tukiuongoza vizuri unaweza kukisaidia hiki Kiswahili chetu kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu kamari. Kamari ina dau. Mtu huweka pesa au mali yake, bahati huamua, kisha mmoja huondoka na kilicho cha mwenzake. Anayebashiri mpira kwa simu usiku wa manane ameweka dau. Sisi chini ya ule mti hatukuweka hata peremende. Aliyeshinda aliondoka na kadi zilezile alizokuja nazo, na aliyeshindwa vilevile. Sasa kamari iko wapi hapo?

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Ulianza kuuzwa nchini Marekani mwezi wa Agosti 1993, na aliyeubuni ni Richard Garfield, msomi wa hisabati. Tofauti yake na karata za kawaida ni hii: katika mchezo wetu wa poka tunaoujua sote, pakiti ni moja na kila mtu huchukua humo humo. Katika mchezo wa Garfield kila mchezaji huja na pakiti yake mwenyewe, ambayo ameipanga nyumbani, kadi moja moja, kutoka kwenye maelfu ya kadi zilizopo. Kwa hivyo nusu ya mchezo huchezwa kabla hujaketi mezani. Aliyepanga ovyo atavuna ovyo.

Ukweli lazima usemwe hata kama unauma. Mwanzoni, huko 1993, kulikuwa na sheria kwamba kila mchezaji aweke kadi moja rehani, na mshindi azichukue. Hiyo ilikuwa kamari, siwezi kuitetea. Lakini sheria hiyo iliachwa, na kadi zote zilizotaja rehani hiyo zimepigwa marufuku katika mashindano rasmi. Yaani wenye mchezo waliona doa, wakalifua. Je, sisi tuhukumu nguo kwa doa ambalo halipo tena?

Pili, nataka mjue akili inayotumika. Kila mchezaji wa poka hapa shuleni anajua raha ya kushusha maswali kwa mfululizo: nane juu ya nane, malkia juu ya malkia, kisha jibu, halafu unasema "niko kadi" na jamaa wote wanaduwaa. Hiyo ni kadi moja kubeba nyingine. Katika mchezo wa Magic jambo hilo lina jina lake, wachezaji huliita kombo, yaani kadi mbili au tatu ambazo kila moja peke yake haitishi, lakini zikikutana hakuna wa kuzizuia. Neno hilo linanichekesha kwa sababu kwa Kiswahili kombo ni kitu kilichopinda. Na kweli, kombo la mwenzako likifaulu, mambo yako yote yameenda kombo.

Chukua mfano wa zamani. Mchezo wa watu wawili huanza kila mmoja akiwa na alama 20 za uhai. Kuna kadi ya 1993 iitwayo Channel, inayokuruhusu kuugeuza uhai wako kuwa nguvu ya kuchezea kadi nyingine, alama moja kwa nguvu moja. Kuna nyingine ya mwaka huohuo, Fireball, ambayo ni mpira wa moto. Kadiri unavyoilipia nguvu nyingi ndivyo inavyounguza zaidi. Sasa piga hesabu. Ukitoa alama 19 za uhai wako kupitia Channel, ukaongeza nguvu moja kutoka kwingine, mpira wako wa moto una alama 20. Adui amekwisha. Wewe umebaki na uhai wa alama moja, lakini moja inatosha. Mwoga asingeweza kuona njia hiyo, kwa sababu anauhesabu uhai wake kama kitu cha kuficha, hali mwenzake anauhesabu kama mtaji.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Kuna kadi ya 1995 iitwayo Demonic Consultation. Inasema: taja jina la kadi, toa kadi sita za juu nje ya mchezo, kisha endelea kufunua hadi uipate uliyoitaja, na nyingine zote ulizofunua zitoke nje ya mchezo. Mtu wa kawaida huitaja kadi anayoihitaji. Mjanja hutaja kadi ambayo hata haimo katika pakiti yake! Matokeo yake ni kwamba pakiti yote inafunuliwa, haipatikani, na yote inatoka nje. Kwa sheria za mchezo, mtu akitakiwa kuchukua kadi na pakiti yake iwe tupu, ameshindwa. Utasema jamaa huyu amejichimbia kaburi. Ngoja kwanza. Mnamo 2020 ilitoka kadi nyingine, Thassa's Oracle, yaani mtabiri. Ikiingia mezani unahesabu alama fulani za rangi ya buluu ulizo nazo. Idadi hiyo ikiwa kubwa kuliko idadi ya kadi zilizobaki katika pakiti yako, au ikiwa sawa nayo, umeshinda mchezo. Basi mjanja huutanguliza mtabiri, na kabla tendo lake halijakamilika anaitupa ile ya 1995. Pakiti inakuwa na kadi sifuri. Kwisha habari. Kadi zilizochapishwa miaka 25 mbalimbali zimekutana, zimegharimu nguvu tatu tu, na kile kilichokuwa kifo kimegeuka ushindi.

Tafadhali msomaji, rudi uyatazame maneno "au ikiwa sawa nayo." Wapinzani wakimuua mtabiri haraka kabla tendo lake halijakamilika, zile alama za buluu zinaweza kuwa sifuri. Lakini pakiti nayo ni sifuri, na sifuri ni sawa na sifuri. Bado umeshinda. Maneno hayo machache ndiyo yanayoamua nani anacheka na nani analia. Walimu wetu wa Kiswahili hutuambia kila siku tusome swali la ufahamu mara mbili kabla ya kujibu, na walimu wa hisabati hulalamika kwamba tunapuuza ule mstari mdogo chini ya alama ya "kubwa kuliko". Sisi tuliocheza hatuwezi kuupuuza tena, kwa sababu ulishatushinda.

Tatu, nije kwenye mchezo wa watu wengi, ambao ndio tuliokuwa tunacheza. Unaitwa Commander. Kwa kawaida huchezwa na watu wanne. Kila mmoja ana pakiti ya kadi 100, kadi moja ikiwa kiongozi, na haziruhusiwi kadi mbili zenye jina moja isipokuwa zile za ardhi za msingi. Uhai ni alama 40. Mtindo huu haukubuniwa ofisini. Ulianzishwa na wachezaji wenyewe huko Alaska, ukaenezwa na waamuzi wa mashindano, na kampuni ikaanza kuutengenezea pakiti rasmi mwaka wa 2011.

Watu wakiwa wanne mambo hubadilika kabisa. Ile hesabu ya mpira wa moto haifai tena. Ukichoma alama 39 za uhai wako umemwangusha mmoja, na wewe umebaki na alama moja mbele ya wawili ambao hawajaguswa. Maadui wako watatu wana jumla ya alama 120. Ndiyo maana wajuzi wa mtindo huu hutafuta miungano kama ule wa mtabiri, unaomaliza meza nzima kwa pigo moja.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi. Mtu anapotupa kadi, wengine hupewa nafasi ya kumzuia, mmoja baada ya mwingine kwa kufuata mzunguko wa meza. Sasa fikiria umekaa wa kwanza baada ya mshambuliaji, na una kadi moja tu ya kuzuia. Ukiitumia umewaokoa wote watatu, lakini wewe ndiye uliyepoteza kadi. Ukinyamaza, pengine wa pili atazuia, nawe umehifadhi yako. Wa pili naye anafikiri hivyohivyo kuhusu wa tatu. Mara nyingi sana nimeona meza nzima ikishindwa huku wawili wakiwa na dawa mkononi, kila mmoja akimngoja mwenzake. Si ndivyo ilivyo hata darasani, ubao ukikaa bila kufutwa kwa kuwa kila mtu anadhani zamu ni ya mwingine? Sijapata somo lolote lililonionyesha ubaya wa kutegeana waziwazi kama meza ile.

Pia mchezo wa wanne unamfundisha mtu adabu. Mwenye muungano mkali anaweza kumaliza mchezo mapema kabla wenzake hawajafanya lolote la maana. Ameshinda, ndiyo, lakini nani atacheza naye kesho? Kwa hivyo wachezaji wa Commander wana desturi ya kuzungumza kabla ya kuanza: pakiti yako ina nguvu kiasi gani, tunataka mchezo wa aina gani leo? Mnamo 2025 wenye mchezo walitoa mfumo wa ngazi tano za pakiti ili mazungumzo hayo yawe rahisi. Katika ngazi mbili za chini, miungano ya kadi mbili isiyo na mwisho hairuhusiwi. Katika ngazi ya juu kabisa, ile ya mashindano, lete kila ulicho nacho. Yaani si kosa kuwa mkali. Kosa ni kuwaficha wenzako ukali wako ili uwaonee. Maoni yangu ni kwamba watu wanaoweza kukaa, kukubaliana kwanza, kisha washindane bila kinyongo, wamejifunza kitu ambacho hata wakubwa wengine hawajakiweza.

Hata hivyo, nisijifanye sioni ubaya. Upo, tena mkubwa, na jina lake ni pesa. Kadi huuzwa katika vipakiti vilivyofungwa, nawe huoni unachonunua. Anayenunua vipakiti kumi akitumaini kupata kadi moja ya thamani hana tofauti kubwa na yule wa kubashiri mpira. Hapo nakubaliana na walimu moja kwa moja. Mwaka 2023 kadi moja ya pekee, ambayo haina nakala nyingine duniani, ilinunuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa dola milioni 2 hivi za Marekani. Karatasi! Tena Septemba 2024 kamati ya kujitolea iliyosimamia sheria za Commander ilipiga marufuku kadi kadhaa zenye nguvu kupita kiasi, zikiwemo Mana Crypt na Jeweled Lotus, ambazo zilikuwa ghali. Waliokuwa wamezinunua walikasirika, na wengine walifikia hatua ya kuwatishia wanakamati. Kabla mwezi haujaisha kamati ilikabidhi usimamizi kwa kampuni yenyewe. Hebu ona pesa inavyoharibu. Watu waliogombana siku zile hawakuwa wakitetea mchezo. Walikuwa wakitetea mifuko yao.

Ndiyo sababu nasema kadi zetu za manila hazikuwa upungufu, zilikuwa dawa. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu haina bei. Mtoto wa daktari na mtoto wa muuza mboga wote wanaandika kadi ileile kwa wino uleule, kisha akili ndiyo inayoamua. Katika mashindano rasmi kadi za namna hiyo hazikubaliwi, lakini kampuni yenyewe ilieleza mnamo 2016 kwamba haina nia ya kuwafuata wanaojitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi yao, mradi wasiziuze. Sisi hatujauza hata moja. Basi kama kinachoogopwa ni tamaa ya pesa, kadi zinazofaa kuchukuliwa ni zile za kununuliwa, si zetu.

Sasa nifike mahali ninapopapenda, yaani lugha. Kadi za Magic zimechapishwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani, Kireno na lugha nyingine, lakini Kiswahili hakimo. Tulipoanza kuandika zetu tulilazimika kutafsiri, na hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu. Ardhi tano tulizipa majina bila shida: tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Pakiti iliyolala mezani tuliiita ghala. Kadi ikitumika hulazwa ubavu, kwa hivyo tukasema "laza" na "inua". Kuzuia kadi ya mwenzako tulisema "kuzima", kama mtu azimavyo taa. Zile kadi zinazongoja kutekelezwa, ambapo ya mwisho kuja ndiyo ya kwanza kufanya kazi, tuliziita rundo, maana katika rundo la sahani unaanza kuchukua ya juu.

Ugomvi ulizuka kwenye ngeli. Kadi ya kiumbe, je, kiumbe "kinashambulia" au "anashambulia"? Mmoja wetu alishikilia KI-VI kwa sababu ya umbo la neno. Mwingine akasema kina uhai, kwa hivyo ni A-WA, hata kama umbo ni la KI. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na mwishowe tukafungua kitabu cha sarufi bila kutumwa na mwalimu. Tuliona pia kwamba "unaweza kuchukua kadi" si sawa na "sharti uchukue kadi", kwa sababu aliye na ghala tupu akiambiwa "sharti" amekufa. Nani alisema wanafunzi hawapendi sarufi?

Najua pia wapo wanaosema majina ya kadi hizi ni ya mashetani na uchawi. Ni kweli, mengine yanatisha. Lakini ngano zetu nazo zina mazimwi yanayomeza vijiji vizima, na hakuna aliyezifungia maktabani. Isitoshe, anayeandika kadi zake mwenyewe ana uhuru wa kuchagua. Ndugu msomaji, hatushindwi kumweka Sungura awe kiongozi wa pakiti ya hila, na Fisi awe wa pakiti ya ulafi.

Na kuhusu masomo, sitetei mtu wa kucheza wakati wa prepu au kukimbia kipindi. Huyo aadhibiwe kama anayekimbia kipindi kwa ajili ya mpira. Mpira wenyewe haukupigwa marufuku kwa sababu yake.

Kwa hivyo napendekeza haya:

(a) Kadi za kuandikwa kwa mkono ziruhusiwe siku ya chama chetu, baada ya masomo, chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi.

(b) Kadi za kununuliwa na dau la aina yoyote, hata liwe la peremende, vipigwe marufuku kabisa.

(c) Kila kadi iandikwe kwa Kiswahili sanifu na ikaguliwe na kamati ya lugha kabla ya kuchezwa.

(d) Kabla ya kila mchezo wanne waelewane juu ya ngazi ya pakiti zao, ili wa Kidato cha 1 asikutane na mtabiri siku yake ya kwanza.

(e) Zile zilizochukuliwa turudishiwe. Zilikuwa 400, na kuziandika kulituchukua likizo nzima.

Walimu wetu wapendwa, ninyi ndio mliotufundisha kwamba mtu husikizwa kabla ya kuhukumiwa. Njooni siku moja mketi mezani, mwone kama kuna dau. Nanyi wanafunzi wenzangu mnaosema kadi ni uhuni, nawakaribisha pia. Leteni kalamu na karatasi ya manila. Nafasi ya mtu wa nne haijapata mwenyewe.